Moyo Ulioandikiwa Rufaa

Mwanangu wa kwanza alipofikisha wiki sita, wageni waliomiminika nyumbani Shinyalu walimsifu kwa kunenepa. Mimi nilikuwa chombo cha maziwa kilichofungwa leso. Nilikuwa silali hata akilala. Nilimkodolea macho nikingoja ule upendo niliohakikishiwa kanisani kuwa unakuja wenyewe. Lililokuja ni wazo la kumlaza katikati ya shamba la majani chai, kisha nitembee mpaka msituni nisirudi. Niliogopa mikono yangu mwenyewe.

Mama mkwe alitoa uamuzi kwamba ni uvivu wa wasichana wa siku hizi, akanichinjia ingokho, kuku wetu wa heshima. Nikainywa supu yote. Nikaendelea kuogopa nikiwa nimeshiba.

Basi nikaenda mjini kwa daktari wetu, bingwa aliyetibu ukoo wa mume wangu tangu enzi za surua. Alimpima mtoto uzito, akampongeza mtoto. Akampima kichwa, akafurahi kabisa. Nilipoona anafunga faili, nikasema vile tunavyosemanga nyumbani:

"Daktari, moyo wangu umekufa."

Kwetu, hata muuza sukuma wiki angeweka kikapu chini aniulize kumetokea nini. Daktari, kwa kuwa amesoma, alinielewa vizuri zaidi. Aliandika barua ya rufaa mbiombio: nikapimwe moyo.

Nikapimwa, hospitalini. Nilibandikwa waya kifuani, maziwa yakinivuja, mama mkwe aliyenisindikiza akiwa nje na mtoto. Mama wa makamo aliyeshughulikia mashine akasoma karatasi.

"Hongera mama, moyo uko sawa kabisa."

Nilianza kucheka, kicheko kikageuka kilio. Akaacha waya zake, akavuta kiti.

"Ukibakinga peke yako na mtoto, unafikirianga nini?"

Ndilo swali lote. Halikuhitaji mashine. Nikamwambia, hata habari ya msitu. Akaandika nyuma ya ile barua, akanishika mkono mpaka kliniki ya afya ya akili, ambayo kumbe ilikuwa jengo la pili tu, na daktari wetu alipita hapo kila Jumanne akienda kunywa chai.

Mshauri wa pale alinisikiliza bila haraka. Mwishoni akauliza, kwa upole kabisa, kwa nini sikumwambia mtu yeyote mapema.

"Nilimwambia daktari," nikasema.