Mkia wa Jina Langu

Juzi, kwenye foleni ya duka moja la Al Sadd, hapa Doha, nilimsikia mwanamke nyuma yangu akimwita mwanawe kwa jina lililoishia na "-ki". Nikageuka haraka, kama nilivyokuwa nikigeuka nilipokuwa darasa la tatu.

Tuliishi Najma, juu ya fundi viatu, ngazi zikinuka gundi na vitunguu vya kukaanga. Baba alikuwa msimamizi wa vyumba hotelini. Mimi na Mama tulimfuata kutoka Unguja. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Kwetu, jamani, neno likitaka wingi hubadilika kichwani: mtoto, watoto. Kiingereza kilinitaka nitazame mkiani, na mkia wenyewe haukuwa mwaminifu. Niliandika "childs", nikakatwa kwa wino mwekundu. Nikaandika "childrens", nikakatwa tena. Wenzangu nao walikuwa na mikia yao ya mtaani: kifungua kinywa walikiita "brekkie", mpira "footie". Nikiyaandika hayo, wino uleule. Siku ya "sheeps" nilirudi nyumbani nalia, na Mama akasema, "Kondoo hata kwetu habadiliki, mwanangu. Hilo ungelijua." Hakunisaidia hata kidogo.

Mwalimu wetu, Bi Marieta, alikuwa mama wa makamo kutoka Afrika Kusini, na lugha ya kwao ilikuwa Kiafrikana. Asubuhi moja alikaa kando yangu akaniambia kwao mtoto ni "kind", watoto ni "kinders", na kwamba "children" ilimliza hata yeye alipokuwa mdogo. Tangu hapo akawa ananiita "Salmatjie", jina alilolitamka Salmaki. Wenzangu wakalidaka. Uwanja mzima, Salmaki, Salmaki, na vicheko.

Nilipomsimulia Mama, aliacha kuchagua mchele. "Ki?" akauliza. "Kama kijitu?"

Kwetu ukimbandika mtu ki hiyo, umemdharau. Kesho yake alivaa baibui lake la kutokea, akanishika mkono mpaka darasani, na mimi nikafanywa mkalimani.

"Mwambie mwanangu ana jina kamili."

Nikamwambia. Bi Marieta aliiva uso mpaka shingoni. Akaeleza jambo refu, haraka haraka, nami nikaokota maneno mawili tu.

"Anasema udogo," nilimwambia Mama. "Halafu anasema mapenzi."

"Mapenzi gani ya kumpunguza mtu?"

Hilo sikuweza kulifasiri. Nilisimama kati yao, machozi ya hasira yakinitoka. Mwalimu akaomba radhi. Kuanzia siku hiyo niliitwa Salma, kwa sauti ileile ya kuitia mahudhurio. Vicheko vikakoma, nami nikabaki na hasira nisijue nimkasirikie nani.

Miaka ilipita kabla sijaelewa kuwa mkia ule watu wa kwao Bi Marieta humbandika mtoto wanayempenda, na kwamba pengine katika Doha nzima hakuwa na mwingine wa kumwita hivyo. Mama alikuwa sahihi kwa Kiswahili, Bi Marieta sahihi kwa Kiafrikana. Maneno machache tu ya Kiingereza yangewapatanisha. Niliyapata yote, vizuri kabisa, wakati Bi Marieta alikuwa amekwisha kurudi kwao.