Wankyo na Katazo la Mwaloni

Wankyo alikuwa na miaka kumi na mitano alipokamatwa akiwa na dagaa wa watu mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, mjini Musoma. Ulikuwa mwaka wa themanini na nne. Madukani hakukuwa na sabuni wala unga, na bibi yake Mbuke, aliyemlea, alikuwa haoni tena. Wankyo hakukana kosa. Hakimu Clementi alimwachia akae kwa bibi yake, mtaa wa Iringo, chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii, kwa masharti mawili: ahudhurie darasa la ushonaji parokiani, na asikanyage mwaloni.

Aliyashika yote mpaka mabomba ya mji yalipokauka kwa kukosa dizeli ya pampu. Wanawake wakaanza kuchota ziwani, na njia ya huko ilipita mwaloni. Kwanza Wankyo aliomba maji kwa majirani. Lakini alipomwona bibi anakunywa funda moja na kumsukumia yeye kikombe, alibeba ndoo akaenda.

Mwenye wale dagaa walioibwa alimwona, akaenda polisi. Bi Ursula, afisa aliyemsimamia, akaandika taarifa kwamba sharti limevunjwa.

"Amedharau amri, mheshimiwa," mwendesha mashtaka alisema mahakamani. "Apelekwe shule ya maadilisho."

Shule hiyo ilikuwa mbali, mwendo wa treni na mabasi. Wankyo alishika ukingo wa kizimba.

"Bi Ursula," hakimu akasema, "ulimuuliza kwa nini alikwenda?"

"Bado, mheshimiwa. Nilitegemea taarifa ya polisi."

"Hiyo inanionyesha alikanyaga mwaloni. Haitoshi kumtoa mtoto nyumbani. Lazima nijue kama alikusudia kudharau, na kama huko aliko hawezi tena kulindwa. Binti, sema. Hakuna atakayekukatiza."

"Nilikuwaga nachota bombani," Wankyo alisema. "Bomba likakauka. Bibi hawezi kukaa na kiu. Sikugusa kitu cha mtu."

Hakimu akaahirisha shauri mpaka Jumatatu, Wankyo arudi kwanza kwa bibi yake.

Siku hiyohiyo Bi Ursula alitembea hadi Iringo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kumchukua?"

"Nimekuja kuuliza."

Bi Ursula alifungua bomba la uani. Likakoroma, lisitoe hata tone. Parokiani mwalimu wa ushonaji alimwambia kwamba Wankyo hajakosa darasa hata mara moja. Mwenye dagaa naye alikiri kwamba safari hii hakuibiwa chochote.

Jumatatu Bi Ursula alisimama mwenyewe. "Mheshimiwa, nilipaswa kwenda kabla ya kuandika. Naomba abaki nyumbani."

Hakimu alibadilisha sharti: Wankyo achote maji ziwani akiwa na jirani mtu mzima, na mengine yabaki vilevile. "Ukiiba tena, tutazungumza mengine," alimwonya. Wankyo aliendelea kusimama, hajui kama shauri limekwisha, mpaka askari aliyekuwa mlangoni akamwambia, "Nenda nyumbani, mwanangu."

Muda wake wa uangalizi ulimalizika bila shauri jingine. Serikali ilipofungulia biashara ya nje na mitumba ikajaa masokoni, Wankyo alihamia Bunda na bibi yake, akaweka cherehani barazani kwa mwenye duka mmoja. Alipunguza suruali, akageuza makoti ya baridi za Ulaya kuwa sketi za shule. Siku za gulio wateja walimsubiri wamekaa kwenye benchi, na Mbuke, kiti chake kikiwa pembeni, aliwapigisha soga wasichoke.