Simu ya Fundi Bomba Haijalia

Kwanza Mkutubi alidhani kaka yake anaumwa. Asubuhi alipotoka kwenda kazini mfuko wa zana ulikuwa nyuma ya mlango, na jioni aliporudi ulikuwa pale pale, na mwenyewe kakaa kwenye ngazi ya mlangoni, simu gotini, kama mtu anayelinda maziwa yasifurike.

"Kaka, leo hukutoka?"

"Simu haijalia, bibie. Itakuwa watu wamejifunza kuziba mabomba yao wenyewe."

Kaka akacheka, dada naye akacheka, akapita ndani kuoga. Laiti angesimama! Lakini mtu aliyechoka hana masikio, na siku hizo alikuwa amechoka hasa.

Hilo jina la Mkutubi alipewa kazini. Kazi yake ilikuwa kutunza apu ya simu, ile ya kuitia mafundi. Koki inavuja, soketi inatoa cheche, unabonyeza, na fundi aliye karibu nawe simu yake inalia. Basi. Lakini msidhani apu kama hiyo hutengenezwa na mtu mmoja. Ni sawa na nyumba ambayo mlango umeuchukua kwa huyu, dirisha kwa yule, na bati umeletewa na mtu usiyemjua hata sura. Vipande hivyo vya kuazima wenyewe huviita maktaba, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekabidhiwa kuvisasisha, wenzake wakambatiza Mkutubi. "Mkutubi, vitabu vyako vimeliwa na mchwa!" walimtania kila kipande kilipoharibika. Naye huwajibu kwamba afadhali mchwa kuliko wao, mchwa hawaombi chai.

Safari hii mchwa walikuwa wa kweli. Maktaba ya arifa, ile inayoifanya simu ya fundi ilie, iligunduliwa kuwa na tundu. Mwizi mjuzi angeweza kuchungulia anwani za wateja. Dawa yake ni moja tu, kuweka toleo jipya. Akaliweka. Toleo jipya likadai maktaba nyingine nayo iwe mpya, hiyo ikadai ya tatu, akaponya hapa pakavimba pale. Alihangaika, mgongo unamuuma, macho mekundu, mpaka zote zikakubali kukaa pamoja kwa sharti moja: simu za zamani hazitakiwi. Haziwezi kulipokea toleo hilo, na njia ya zamani ya arifa ingefungwa kwa sababu ya lile tundu.

Akampelekea bosi habari hiyo. Bosi si mtu mbaya, tusimsingizie. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wenye simu hizo ni wangapi?"

"Asilimia mbili ya mafundi."

"Mbili tu? Waandikie taarifa nzuri, wajipange watafute simu nyingine. Tufunge."

Mkutubi akaandika taarifa nzuri kweli kweli, yenye pole na ahsante na tafadhali. Akaijaribu ofisini, ikatokea kwenye kioo inang'aa. Njia ya zamani ikafungwa, na watu wakapongezana.

Hakumfikiria kaka yake hata mara moja. Semeni mtakavyo, huo ndio ukweli. Anakaa naye nyumba moja, anaijua simu yake yenye kioo kilichopasuka na mpira unaoshikilia betri isidondoke, amewahi kumwambia aitupe akajibiwa, "Usiache mbachao kwa msala upitao, bibie," na bado asilimia mbili ikabaki namba tu kichwani mwake. Asilimia haikohoi, haikai mlangoni kwako.

Aliyemfungua macho ni wifi yake, walipokuwa wakianua nguo uani.

"Wifi, kaka yako unamwonaje siku hizi?"

"Yuko kimya kidogo."

"Kidogo! Jana alikwenda kwa mteja wake, yule mama wa sinki, akamwomba radhi."

"Radhi ya nini?"

"Ndilo nililomuuliza mimi! Eti siku ile alimjibu kwa mkato. Kabla ya hapo alikwenda kwa yule mwalimu mstaafu akamzibulia choo upya, bure, eti huenda mara ya kwanza hakukizibua sawasawa. Mzee wa watu anamshangaa tu. Kila asubuhi anakumbuka kosa jingine. Anasema wenye apu wamemtupa, na watu hawamtupi mtu bila sababu."

Shuka lilimponyoka Mkutubi likaanguka mchangani, na hakuliokota. Alimfuata kaka yake pale ngazini, akamwomba simu. Kaka akampa, kisha akainamisha kichwa. Mtu mzima yule, ambaye ndiye aliyekuwa akimshika mkono kumvusha barabara alipoanza darasa la kwanza.

"Nilitaka kukuomba nikaona haya," alisema. "Wewe uko na hao watu. Niombee msamaha. Kama ni habari ya yule mama wa sinki, waambie nimeshamaliza naye. Kama kuna mwingine, wanitajie tu jina, nitakwenda."

Mkutubi akafungua apu. Nyota za kaka yake zilikuwepo zote tano, hakuna hata moja iliyopungua. Hapakuwa na onyo, wala ile taarifa nzuri haikuwepo. Simu ilikuwa inasubiri kuitwa, haijui lolote, sawa na mwenyewe.

"Nipe mpaka kesho, kaka," alisema.

Kesho yake hakukawia kuliona kosa. Ile taarifa ya kuwaaga wenye simu za zamani aliiweka ndani ya toleo jipya. Lahaula! Ndani ya toleo ambalo simu zao haziwezi kulipokea! Ofisini hakuna simu kuukuu hata ya dawa, kwa hiyo siku ya kujaribu aliilazimisha simu mpya ijifanye ya zamani, ndiyo maana taarifa ikatokea inang'aa. Wale waliopaswa kuisoma hakuna aliyeiona, hata mmoja. Kwao kazi ilikatika tu, kimya kimya.

Alikwenda kwa bosi akamweleza bila kujitetea.

"Turudishe njia ya zamani, walau tuwaambie."

"Na tundu je? Anwani za wateja zikiibwa, utajibu wewe?"

Hapo bosi alikuwa na haki.

"Basi tuwapigie mmoja mmoja."

"Nani awapigie, Mkutubi? Tuna toleo lingine la kutoa. Ni asilimia mbili. Wengi wao watakuwa wameshabadilisha simu."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkutubi aliwajua kunguni sasa, alikuwa ametoka kuzungumza na mwenye kitanda jana jioni. Lakini alisema, "Sawa, bosi," akarudi kwenye kiti chake, akawasha kompyuta. Kwa hilo mimi simtetei.

Jioni alimkuta kaka mahali pake. Akaketi kando yake, akamweleza yote, toleo na tundu na taarifa, kwa maneno ambayo fundi bomba angeyaelewa. Hakuzungusha. Kisha akatoa simu yake mwenyewe, laini ameshaichomoa.

"Chukua hii. Apu nimeshakuwekea. Kesho italia."

Kaka aliitazama asiipokee.

"Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe, kaka. Ni mimi."

Akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. Halafu akaanza kucheka. "Na nilivyomzibulia mwalimu choo bure! Na yule mama wa sinki, nimempigia magoti kabisa, mtu mwenyewe hata hakumbuki!" Alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa shati. Mkutubi naye akatabasamu, akadhani yamekwisha.

Kicheko kikakatika.

"Hiyo asilimia mbili ni watu wangapi?"

"Mia tatu na kidogo."

"Wameambiwa?"

"Bado."

Kaka hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi dada yake.

"Mimi nimepata dada wa kuniambia si mimi," alisema. "Hao wenzangu leo wako kwa nani wanaomba radhi?"

Mkutubi alifungua mdomo amwambie kwamba bosi ndiye aliyekataa. Akakumbuka kwamba bosi alipokataa, yeye alisema sawa.