Mlima Ulioamkiwa Kibondo

Asubuhi hiyo ya Jumamosi, mwaka 2013, Maximilla alifagia chumba mara ya pili, na uchafu wenyewe hata haukuwepo.

Chumba kilikuwa cha ofisi ya wanyamapori pale Kibondo, na mtunzaji wake alikuwa yeye. Mezani palikuwa na vitu vya ukumbusho vya pori la akiba: vikombe vyenye picha ya nyati, beji za askari wa zamani, kadi walizonunua wageni. Ukutani zilining'inia picha zilizochapwa enzi za wakoloni, vilima na mabonde bila mtu hata mmoja. Watu wa mjini walichungulia mlangoni wakamtania, "Mama, mlima nao umemaliza darasa la saba mpaka upigwe picha?" Wakaenda zao.

Sasa Ghati, ofisa aliyehamishiwa hapa kutoka Tarime, alikuwa amemwambia wazi: "Dada Maximilla, leo nitapita. Nisipokuta watu humu, Jumatatu tunakigeuza chumba stoo ya saruji. Hivi vitu vitahamishiwa mbali."

Maximilla asingekosa kazi, angefagia kwingine. Lakini vitu hivyo alivipangusa kila siku kama anavyoosha watoto. Viende wapi?

Mvua ikashuka. Barabarani walikuwa wanapita watu wa harusi wakitoka kanisani kwa miguu, bibi harusi kashika viatu mkononi. Maximilla akatoka mbio.

"Jamani, ingieni! Mpigie picha humu, bure!"

Wa kwanza kuingia alikuwa Rashid, mpiga picha, kamera kaificha ndani ya koti. Akawasimamisha maharusi, Claudine na Manirambona, mbele ya picha kubwa ya kilima. Bibi yake Claudine, Bi Esteri wa Rungwe Mpya, akasogea kumweka sawa mjukuu shela. Akatazama ukutani. Akaganda.

"Hapa ni kwetu," akasema. "Kabla hatujahamishiwa vijiji vya Ujamaa. Kwenye mwamba huo mama alikuwa anaanika mihogo."

Akapiga magoti, akaanza kupiga makofi polepole, kama Waha wanavyowaamkia wakubwa. "Mwakeye!" Akaujulia mlima hali. Akaulizia chemchemi, akaulizia mbuzi, akaulizia majirani kwa majina.

"Bibi, picha haijibu," Rashid akasema. "Tupige basi."

"Nyamaza, Mswahili wewe! Nipite nyumbani nisisalimie?"

Mkubwa akiwa kwenye salamu, nani atampita? Mashangazi wakapiga magoti nyuma yake. Na wa nyuma yao. Foleni ikatoka mpaka barazani, na Ghati akaikuta hapo, na mwavuli wake.

"Nipisheni, mimi ni ofisa."

"Ofisa piga magoti," shangazi mmoja akamjibu. "Salamu haijaisha."

Ghati alisimama, akachoka kusimama, akapiga magoti. Makofi yake yalikwenda kombo, wanawake wakacheka mpaka vitenge vikawafunguka.

"Sasa mimi niseme nini?"

"Sema mwakeye, mwanangu," shangazi yule yule akamwambia. "Mlima ni mkubwa kwako."

Akasema. Wakamshangilia kwa vigelegele.

Maximilla akamwinamia sikioni. "Na saruji, dada?"

"Saruji itafute pengine pa kukaa. Niinue kwanza, goti limekufa ganzi."

Maximilla akamshika mkono, akamvuta. Ghati hajasimama vizuri, makofi yakaanza upya. Bi Esteri alikuwa ameona kilima cha pili.