Namba ya Ugonjwa wa Mke Wake

Miaka ile ya kwanza ya uhuru nilikuwa karani wa faili katika hospitali moja ya Kakamega. Kazi yangu ilikuwa kusoma ugonjwa alioandika daktari, kisha kutafuta namba yake katika kitabu kikubwa cha orodha ya magonjwa na kuiandika kwenye faili.

Asubuhi moja mkulima wa Lumakanda alimleta mkewe. Shingo ilikuwa imevimba, macho yamemtoka, mwili unawaka moto na mikono inatetemeka. Daktari alisema tezi ya shingo imemwaga homoni nyingi mno kwenye damu, na moyo umeshindwa kustahimili. Dawa ya kuituliza hatukuwa nayo. Wauguzi walimkanda kwa vitambaa vya maji baridi, lakini kabla ya jua kutua alikata roho.

Mumewe alinijia, kofia mkononi. "Karani, nikamwambie mama yake ni ugonjwa gani?"

"Ni tezi ya shingo, mzee."

"Hapana. Huyo mama mkwe ana shingo kama hiyo tangu zamani, na bado analimanga mahindi. Niambie ukweli."

Namba nilikuwa nimeshaiandika. Nikamvutia kiti. Hakukaa.