Paa la Ethel na Siku Mia za Hilary

Ethel aliolewa na fundi wa kuezeka, na kwa miaka thelathini na minane akalala chini ya paa linalovuja. Hilary Bule aliezeka nyumba zote za hapa Lamoru, akaezeka kanisa na jiko la shule, na kila mwaka alipopanga kugusa paa lake mwenyewe, mtu alimtangulia na mzizi wa kava mkononi, ule tunaoutwanga kwa kinywaji, kuomba aezekewe yeye kwanza. Kwetu ukishapokea kava ya mtu huwezi kurudi nyuma. Kwa hiyo Ethel alijua vizuri mahali pa kuweka sufuria mvua ikinyesha, na ni sufuria ipi iwekwe wapi.

Alitoka upande wa pili wa mlima, kijiji cha mikeka, akaja na mikono ya kusuka na mdomo mzito. Mikeka yake myekundu ilikwenda kwenye harusi za watu hadi kusini kabisa mwa kisiwa. Iliyobaki nyumbani aliikunja na kuihamisha kutoka pembe hii hadi ile, akiyakimbia matone. Sikuwahi kumsikia akimlaumu mumewe. Mimi ningemlaumu.

Hilary alikuwa na sheria yake ya majira, na alituimbia kila tulipokaa kunywa kava mpaka tukaichoka. Majani ya natangura, mtende wetu wa kuezekea, yakatwe viazi vikuu vikishavunwa, mwezi wa tano au wa sita, wakati jani limekomaa na halina maji. Yashonwe makuti. Makuti yakauke kivulini, na yawe juu ya nyumba kabla ya Oktoba kwisha. Ukichelewa, mvua inakukuta nyumba ikiwa wazi, na makuti yaliyobaki chini yanaota ukungu. Anayeezeka Novemba, alisema, anawaezekea wadudu.

Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, alikataa kava za watu. Alisema mbele yetu sote kwamba zamu hii ni ya mke wake. Alikata, akashona makuti mia nne, akayapanga bandani, akasema wiki ya tatu ya Agosti tuje. Tarehe kumi na mbili Agosti akaanguka shambani akiwa ameshika kifua, akafa kabla hatujamfikisha barabarani. Nilimpenda yule mtu, na mpaka leo ninamkasirikia kwa kufa wiki ile.

Mtu akifa Lamoru, roho yake inakaa nyumbani siku mia. Tunaleta kuti la namele, mti wetu wa mila unaofanana na mnazi mfupi, tunalipunguza vijani vibaki mia, tunalitundika ndani ya nyumba yake, na kila siku kijani kimoja kinakunjwa. Kila vijani kumi vikikunjwa, kijiji kinakula pale nyumbani. Mjane hatoki kwenda shamba, dada wa marehemu anahamia kukaa naye, na nyumba haiguswi: hung'oi hata jani moja la paa mpaka mia itimie. Mimi nina duka na kalenda ukutani, nikahesabu siku ileile ya mazishi. Mia ilikuwa inaangukia tarehe kumi na tisa Novemba.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Novemba mvua zinaanza, na baada ya mvua vinakuja vimbunga. Paa lile lilikuwa limeoza kiasi kwamba kuku aliyelirukia aliacha shimo. Lisingevuka msimu mwingine, na Ethel hakuwa na nyumba nyingine wala mtoto wa kumhamia.

Kufupisha siku kunawezekana, familia nyingi sasa zinafunga hamsini, lakini neno ni la ukoo wa marehemu. Ukoo wa Hilary ulikuwa dada yake Rovina. Rovina ni mwanamke wa sheria, na zaidi ya hapo, mwaka uliotangulia alikuwa amewasema akina Lini nje ya kanisa, watu wote wakisikia, kwa kufunga siku za baba yao hamsini. Ethel alimwomba hata hivyo, mbele yetu, siku ya mlo wa tatu.

"Wifi, tufunge hamsini. Paa halitangoja."

"Kaka yangu hakuwa mtu wa hamsini," Rovina akajibu. "Hamsini ni za akina Lini, waliomzika baba yao asubuhi, jioni wakaenda kwenye mpira."

Ethel aliinua sahani yake na kuendelea kugawa chakula. Mzee Lini, mkubwa wa wana wale, alikuwepo, akaangalia miguu yake.

Siku chache baadaye, jioni ya katikati ya Septemba, ilipita mvua ambayo si ya msimu wake. Ilikuwa mvua ya nusu saa tu, lakini Rovina aliuhamisha mkeka wake mara tatu, na mara zote tatu maji yakamfuata. Haya Ethel alinisimulia mwenyewe, baadaye sana.

"Mbona hapa panavuja?" Rovina aliuliza.

"Panavuja."

"Na pale?"

"Pale ni zaidi. Njoo ulale miguuni pangu."

Rovina akajikunyata pale. Akauliza nyumba ilianza kuvuja lini.

"Tangu Ambrose wako hajaota meno."

Ambrose ni mwanawe Rovina, ana miaka thelathini na minane, na katika miaka hiyo Hilary alikuwa ameiezeka nyumba ya dada yake mara mbili. Rovina akageukia ukutani.

Kesho yake, Rovina alipokwenda kuteka maji, Ethel alikunja vijani viwili badala ya kimoja. Alikuwa amepiga hesabu zake: akiongeza viwili kila wiki, asizidishe, ataokoa kama siku kumi na nne, na hizo zinaweza kutosha. Alisali kila alipofanya hivyo. Alimwomba Mungu msamaha, kisha akamwomba Hilary, na aliniambia kumwomba Hilary ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Zilikuwa siku zake za mwisho pale nyumbani, na yeye mkewe alikuwa anamwibia.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mlo wa siku ya kumi ukaanza kufika mapema. Ethel alitegemea ufike siku ya nane. Ulifika siku ya sita, kisha siku ya tano. Kijiji kizima kilikuja na sufuria zake, kikala laplap, viazi vya kusagwa vilivyookwa ndani ya majani, kikashukuru, kikaondoka. Padre Patteson, anayetutangazia Jumapili zote za mwaka bila kukosea hata moja, alibariki mlo wa sita na wa saba ndani ya wiki moja bila kupepesa jicho. Watu wa hapa si wajinga wa kuhesabu. Jaribu kumdai mtu kuku mmoja uone.

Ethel mwenyewe alishtuka asubuhi moja alipokuta vijani vitatu vipya, na siku hiyo alikuwa hajagusa kuti. Aligeuka kumtazama wifi yake. Rovina alikuwa amempa mgongo, anamenya magimbi, anaimba wimbo wa kanisa, naye si mtu wa kuimba. Ethel alichukua kisu, akakaa kando yake, wakamenya pamoja. Hesabu nimeifanya mimi: mjane aliiba siku kumi, na dada mtu, mwanamke wa sheria, aliiba ishirini.

Katikati ya Oktoba Ambrose alikuja dukani kununua kamba. Yeye ndiye aliyerithi kazi ya mjomba wake, na mdomo wake ni mwepesi siku zote, lakini siku ile alisimama mbele ya ukuta wangu kama mwanafunzi aliyesahau jibu.

"Klementi, leo tarehe ngapi?"

"Kumi na nane."

"Na kule nyumbani kuti limebakiza vijani viwili." Akakuna shingo. "Nadhani kalenda yako ina makosa."

Nikasema hata mimi nimeliona hilo, nikaitoa msumarini na kuitundika tena imeangalia ukuta.

Tarehe ishirini Oktoba kijani cha mia kilikunjwa mbele ya watu wote. Tuliua nguruwe, wanaume tukanyoa ndevu tulizoziacha kwa msiba, Padre akafunga siku. Asubuhi iliyofuata tulikuwa watu arobaini juu na chini ya nyumba ile. Paa la zamani lilishuka jeusi, limejaa mijusi, nusu yake ikawa unga mikononi mwetu. Makuti ya Hilary yalikuwa na ukungu kidogo yale ya chini kabisa, mengine yote yalikuwa makavu na magumu, yakilia ukiyagonga. Ambrose alipanda juu, wanawake wakarusha, wanaume wakafunga. Siku ya pili alasiri tulifunga mgongo wa paa, na mbingu ilikuwa nyeupe bila wingu.

Nilidhani Ethel atafurahi. Alitupikia, akatushukuru mmoja mmoja kwa jina, akaingia ndani. Wiki zilizofuata alikuja dukani mara mbili na sikuupenda uso wake. Mara ya pili, tukiwa wawili tu, ndipo aliponieleza habari ya mkono wake na lile kuti. Alisema amelala pakavu kwa mara ya kwanza tangu aolewe, na kila anapolala anaona amelalia siku za mumewe. Hakuwa amemlilia tangu mazishi. Alisema hana haki. Nikampa sukari na kukataa pesa yake, naye akaiacha mezani.

Mvua zilianza tarehe tisa Novemba, nyingi kupita miaka yote ninayoikumbuka. Tarehe kumi na tisa ilikuwa Alhamisi. Ethel alisaga kiazi kikuu asubuhi, akaoka laplap ndogo ya watu wawili, akaitandika juu ya mkeka mwekundu, akafunga mlango. Alikusudia kukaa peke yake na Hilary mpaka jioni. Kabla hajaufungua ule mfuko wa majani, mlango ulisukumwa. Alikuwa Rovina, ameloa, amebeba laplap yake chini ya jani la mgomba.

"Wifi, leo kuna nini?" Ethel aliuliza.

"Leo ni Alhamisi. Nisogezee hapo."

Mimi nilifika wa tatu, na mchele na makopo mawili ya samaki, kwa sababu kalenda ikitazama ukuta haijaacha kwenda. Nilidhani nitakuwa peke yangu. Nyuma yangu alikuja Ambrose na mzizi wa kava, kisha Padre na koti lake la mvua, kisha mzee Lini na mkewe na sufuria ya magimbi. Kufikia saa sita nyumba ilikuwa imejaa na wengine wamesimama barazani. Hakuna aliyesema kilichomleta. Kila mmoja alikuwa amehesabu kwake, kimya kimya, tangu Agosti.

Mvua ilipiga juu yetu na hakuna aliyelowa. Ethel alitutazama uso kwa uso, akafika kwa Rovina, na hapo akaanza kulia, kwa sauti, akimwita mumewe kwa jina. Hakuna aliyemnyamazisha. Alilia mpaka alipomaliza, na Rovina akavunja kipande cha laplap ile ndogo, akamwekea mkononi.

"Kula, wifi," alisema. "Sasa ndiyo mia."

Ethel akala.