Fundi wa Kuziba Niliyemfukuza

Mtu akiniambia kwamba wageni wanakula mji, humuuliza kwanza: dagaa uliowala jana, nani aliwatoa majini? Wengi hunyamaza. Wengine hukasirika, na mimi nawazidi, kwa sababu hasira niliirithi kwa baba pamoja na karakana yake ya maboti.

Karakana hiyo ilikuwa kwenye mchanga wa Kalemie, karibu na pale mto Lukuga unapotoka ziwani. Ilikuwa miaka ya Zaire, tulipokuwa tukiitana citoyen na citoyenne, yaani raia, hata tukigombana. Baba alipofariki aliniachia paa la mabati, misumeno miwili na mafundi watatu, na hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa Kalemie. Aliyepasua mbao na kuziunga alitoka Ujiji, ng'ambo ya ziwa. Aliyefua misumari alikuwa Mkasai. Reli ilimleta, na reli ilipomchoka akabaki. Wa tatu, aliyeziba nyufa kati ya mbao kwa pamba ili maji yasiingie, alikuwa Mrundi aliyevuka na mke wake wakati kwao kulipoharibika. Mimi mwenyewe nilizaliwa Moba, juu milimani, nikaletwa Kalemie mgongoni mwa mama. Lakini sikujihesabu mgeni. Hakuna anayejihesabu.

Kazi yetu ilifuata mwezi. Wavuvi wetu huwaita dagaa kwa taa, na mwezi ukiwaka sana dagaa hawaijali taa, kwa hiyo maboti hupandishwa mchangani. Siku hizo chache ndizo zilizokuwa zetu. Giza likirudi, boti lazima liwe majini. Boti likikosa giza moja, si mwenye boti peke yake anayeumia. Wapo Wabembe wanaovuta wavu, wapo wamama wanaoanika dagaa, wapo wafanyabiashara wanaopakia magunia kwenye treni ya Nyunzu na Kabalo, na treni hiyohiyo huturudishia muhogo na karanga. Hata pamba ya kuziba ilikuwa mabaki ya kiwanda cha nguo cha mjini, tukiinunua kwa gunia. Nilikuwa naijua minyororo hiyo yote kwa kichwa, na bado nilifanya ujinga.

Ujinga wenyewe ulianza na magunia. Yule Mrundi alikuwa na desturi moja. Boti likipandishwa, likikauka na kukwanguliwa, hakuanza kuziba. Alilowesha magunia matupu ziwani, akayatandika ndani ya boti, akayamwagia maji asubuhi na jioni. Kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatafuna muwa. Siku mbili nzima. Siku ya tatu ndipo alipochukua chuma chake na nyundo ya mti, akaanza kusukuma pamba polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Baba hakuwahi kumsumbua. Mimi sikuwahi kumuuliza anangoja nini.

Mwaka mmoja baada ya msiba, baba mdogo akaja kutoka Nyunzu na wanawe wawili, wanaume wazima wenye mabega mapana, wasio na kazi. Alisimama karakanani siku ya kwanza, akaangalia. Siku ya pili akarudi, akamkuta Mrundi bado yuko kwenye ndoo.

"Mutoto yangu," akaniambia kwa sauti ya kusikika na wote, "unalisha bantu bageni na ndugu zako beko na njaa. Angalia ule. Jana alikaa, leo anakaa. Unamulipa juu ya kukaa?"

Watu walicheka. Wenye maboti walikuwepo, na wamama wa dagaa pia. Nilikuwa mwanamke ninayesimamia kazi ya wanaume, na kucheka kule kuliniingia vibaya. Ningeweza kumwambia baba mdogo asubiri. Badala yake nilitafuta kazi iliyoonekana rahisi kuliko zote. Kupasua mbao hatukuweza, kufua misumari hatukuweza, lakini kushindilia pamba kwenye ufa, nani asiyeweza?

"Papa," nikamwambia Mrundi palepale, mbele yao wote, "kesho usirudie hapa. Hii kazi itafanywa na bantu ba jamaa."

Aliyatoa magunia botini moja moja, akayakamua, akayakunja, akaondoka.

Ndugu zangu hawakuwa wavivu, nisiwasingizie. Walipiga ile pamba kwa nguvu zao zote, tangu asubuhi hadi jioni, katika maboti sita. Pamba iliingia mpaka hata ukucha haukupata nafasi. Nilipita nikibonyeza kwa kidole, nikafurahi, nikamwambia baba mdogo alikuwa na haki. Maboti mawili ya kwanza tukayashusha, tukayafunga pale maji yanapofika kiunoni.

Asubuhi ya pili yalikuwa yamezama mpaka ukingoni. Tulipoyavuta nje niliona misumari imetoa vichwa, mbao zimeachana, pamba inaning'inia nje kama utumbo wa kuku. Nilimgeukia fundi wa Ujiji.

"Hii ni nini?"

"Mbao kavu ikinywa maji inanenepa, Mama. Nyinyi mmepiga pamba mpaka haina pa kunenepea. Imesukumana mpaka imeng'oa misumari yangu. Yule bwana alikuwa anainywesha kwanza, halafu anaiachia nafasi."

"Na wewe ulikuwa unatazama tu?"

"Sikuulizwa. Ulisema kazi ni ya jamaa. Jamaa yangu mimi iko Ujiji."

Ningempiga, kama asingekuwa amesema kweli. Zilibaki siku saba giza lirudi. Mawili yalikuwa yameharibika, manne yalikuwa bado mchangani na pamba ileile mbaya ndani yake. Wenye maboti walikuja pamoja, jambo ambalo si dalili njema, wakaniambia kwa upole kwamba wakikosa giza hili watahamia karakana nyingine, na hawatarudi. Karakana ya baba ingefia mkononi mwangu. Niliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa ya maboti. Miaka sita nilikuwa nimemwona mtu akifanya kazi, na nikaiita kazi yake kukaa.

Kesho yake nilikwenda kwa miguu hadi Katanika, alikokuwa akiishi yule Mrundi. Wakati ule kulikuwa na mashamba tu. Nilimkuta anapalilia maharage ya mtu mwingine. Mke wake alinipa kigoda na maji ya kunywa, akaenda kuendelea na mstari wake. Nilimweleza yote. Alisikiliza akiwa amesimama, mkono kwenye mpini wa jembe.

"Pamba ile itolewe yote," akasema. "Halafu magunia. Siku tano zinatosha, kama hatulali sana."

"Basi twende, Papa."

"Hapana. Ulinifukuza mbele ya bantu, Mama. Uniite mbele ya bantu. Kesho asubuhi nitapita pale mchangani kama mupita-njia. Ukiniita, nitasimama."

Nilirudi nikiwa nimekasirika njia nzima. Nilimtukana kimoyomoyo, nikamtukana baba mdogo, nikajitukana mwenyewe. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimemaliza matusi, na bado Mrundi alikuwa na haki.

Asubuhi alipita kweli, mikono nyuma. Wote walikuwepo, maana habari hutembea haraka kuliko miguu yangu. Nikasimama juu ya ubao ili nionekane.

"Papa," nikaita, "nilikuambia usirudie. Nilikosea. Kazi yako nilikuwa siijui. Nakuomba urudie, utusaidie."

Baba mdogo akaja karibu yangu, uso umemvimba.

"Unamuomba musamaha mugeni? Mugeni ni siku mbili."

"Na ya tatu mpe jembe, Baba. Methali ina mwisho wake. Huyu ameshika nyundo miaka sita. Na wewe, ulifika Kalemie lini?"

Mama mmoja wa dagaa akaangua kicheko, na safari hii hakikuwa juu yangu. Mrundi alikuwa ameshavua shati. Akaenda moja kwa moja kwa ndugu zangu wawili, waliokuwa wameinamisha vichwa, akawapa kila mmoja chuma cha kutolea pamba. "Nyinyi muko na nguvu," akawaambia. "Nguvu njo nataka. Toeni yote." Walifanya kazi chini yake siku zile zote, na nilisikia mara nyingi neno lake moja: polepole.

Maboti manne yalishuka kabla ya giza, na yakabaki makavu. Mawili yaliyoharibika yalikosa giza hilo, na wenye maboti hayo niliwaomba radhi. Siku ya kushusha lile la nne, mchana, nilimwendea Mrundi nikiwa na furaha ya mtu aliyeokoka. Nikamwambia nafasi yake ipo, ndoo yake ipo, na hakuna atakayemuuliza tena kwa nini anakaa.

Alinawa mikono kwanza ziwani.

"Aksanti, Mama. Lakini nimesema na muke wangu. Tunakwenda Moba. Nitafungua ya kwangu kule."

"Nimekuomba mbele ya watu wote. Unataka nini tena?"

"Sina kinyongo. Ila hapa nikikaa, niko chini ya paa ya jamaa. Leo umeniita. Kesho baba mudogo anaweza kurudi wakati umechoka, na nitafukuzwa tena. Mutu hawezi kuzeeka hivyo."

Niliumia, kwa sababu nilijijua. Alikuwa amenisoma sawasawa. Na nikaona jambo jingine ambalo sikulipenda hata kidogo. Akienda, haendi mtu mmoja. Inakwenda kazi yake, na ile ambayo angewafundisha wengine, na maboti ambayo yangemfuata. Moba wangepata fundi, sisi tungebaki na jamaa. Na akibaki hapa chini ya paa lake mwenyewe, basi atakuwa mshindani wangu mlango kwa mlango, na nusu ya wenye maboti watahamia kwake wiki ya kwanza. Ningekuwa mimi ndiye mwenye boti, ningehamia.

Mchanga ule baba alipewa na wenyeji, Waholoholo, alipofika hana kitu. Nilikumbuka alivyokuwa akitueleza: hawakumuuliza ametoka wapi, walimuuliza anajua kufanya nini.

"Usiende popote," nikamwambia. "Simama hapohapo."

Nilikwenda kwenye nguzo ya mwisho ya paa letu, upande wa Lukuga, nikaanza kutembea kwa hatua ndefu nikihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Watu waliacha walichokuwa wakifanya. Baba mdogo alielewa kabla ya wote, akanifuata mbio.

"Unafanya nini? Hii njo udongo ya jamaa. Ya jamaa yote."

"Nyamaza, Baba, utanipotezea hesabu."

Alitembea kando yangu akilaumu, akiwataja wafu wetu mmoja mmoja. Wanawe hawakuja kumsaidia. Walikaa kwenye ukingo wa boti wakitazama. Nilikuwa nimekusudia kumpimia Mrundi mpaka hatua ya kumi na tano tu, panapotosha boti moja na mafundi wawili. Nilipofika nikasimama, nikageuka. Yule Mrundi alikuwa palepale nilipomwacha, maji yanamdondoka mikononi. Mke wake alikuwa amekuja amesimama nyuma yake, na nilimwona akiupima ule mchanga kwa macho, kutoka nguzo hadi miguuni mwangu, taratibu, kama mtu asiyetaka kuonekana anatumaini.

Nikageuka tena upande wa Lukuga. Kumi na sita, nikasema, na nikaendelea mpaka thelathini.